Mita ya klampu kwa wenye mashine za mbao: nimeitumia kwenye mota zinazogoma kuwaka, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema hii mita nimeipenda, ila kuna sehemu imeniudhi na hizo pia ntazisema wazi, mtu akinunua kitu ajue anachukua nini. Ni mita ya klampu, ile yenye mdomo unaofunguka unaubana kwenye waya, inapima volti za AC na DC, ampia za AC, omu (yaani waya unavyouzuia umeme), ina buza ya kulia waya ukiwa haujakatika, na kilichonifanya niichukue hasa ni kwamba inapima kapasita pia, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Jina la kampuni silitaji maana ninayoyasema hapa utayakuta kwenye mita nyingi za aina hii, we angalia tu uwezo ulioandikwa kwenye kile kidude cha kuzungusha katikati.

Nimeitumia kwenye mashine za mbao tu, msumeno wa meza, randa na ule msumeno wa utepe. Na kazi yake kubwa kwangu ni ile hali ambayo kila mwenye mashine anaijua, unabonyeza swichi mota inavuma mmmmm diski haisogei, au inakaa kimya kabisa kama vile hujabonyeza kitu. Hapo utasikia mota imeungua hiyo, ipelekwe ikasukwe upya. Mimi nasema mota isikatwe koili hata moja, yaani zile nyaya zilizosukwa ndani yake, kabla haijapimwa, kwa sababu kusuka upya ndo kazi ya gharama kubwa kuliko zote na mara nyingi sana koili ziko salama kabisa, shida iko kwenye swichi au kapasita au waya. Mita hii ndo inakupa nguvu ya kukataa.

Kabla hata hujaitoa mita kwenye mfuko wake, chomoa plagi, toa mkanda kwenye puli uzungushe shafti ya mota kwa mkono. Izunguke laini bila kukwaruza. Ikiwa ngumu au inacheza juu chini basi beringi zimekwisha na hapo mita haina la kukwambia, maana mota iliyokwama kwa beringi na mota isiyopata nguvu ya kuanza zote zinavuma vilevile na zote zinakula ampia vilevile. Na ukizungusha mota ikawa laini ila diski yenyewe ngumu, tatizo lako liko upande wa mashine, labda kipande cha mbao kimebanwa au beringi za shafti ya diski ndo zimekufa. Haya yote ni ya mkono, hayataki betri.

Sasa mota iliyo kimya kabisa. Hapa unatumia upande wa volti na unafuata njia ya umeme hatua kwa hatua: kwenye soketi, kuingia kwenye swichi, kutoka kwenye swichi, mwisho kwenye boksi la nyaya lililo juu ya mota. Pale umeme unapopotea ndo penye ugonjwa. Mashine nyingi za mbao zina ile swichi ya usalama yenye kitufe cha kijani na chekundu, ndani kuna koili ndogo ya sumaku inayoshikilia swichi isiachie, umeme ukikatika inaachia ili ukirudi mashine isijiwashe yenyewe ukiwa umeweka mkono karibu na diski. Koili hiyo ikifa utaona ukishikilia kitufe mota inawaka, ukiachia inazima. Na unga wa mbao unapenda sana kuingia humo, unakaa katikati ya kontakti unapigwa na cheche mpaka unakuwa mweusi. Angalia pia kitufe kidogo chekundu cha ovalodi kwenye mota yenyewe, kile kinachokata umeme mota ikizidiwa, kama kimeruka nje subiri ipoe ukibonyeze kirudi, kisipokaa au kikiruka tena mara moja usikilazimishe, kuna kitu kinaipa joto.

Kwenye kupima volti ndo nimekutana na tabia moja ya hizi mita ambayo mtu lazima aijue. Mita ya kidijitali ina omu nyingi sana ndani, kwahiyo waya uliokatika lakini umelala sambamba na waya wenye umeme unaweza kukuonyesha volti 40, 60, hata 90, kumbe hakuna kitu, ni umeme wa kudandia tu. Mtu anaona namba anasema aah umeme upo, anahamia kwenye mota anaanza kuifungua bure. Mita zenye alama ya LoZ zinaua huo uongo maana zinaupa huo umeme mzigo kidogo na namba inashuka mpaka chini kabisa. Yangu haina LoZ na hilo nalihesabu kama upungufu. Ninachofanya ni kuunga taa ya kawaida pale pale ninapopima, kama taa haiwaki ile namba ni hewa.

Alafu usalama, hapa sitaki utani. Ukipima ndani ya boksi la mota umeme ukiwa umewaka, tumia vibanio vya mamba, vifunge umeme ukiwa umezimwa, rudi nyuma, ndo washa. Mkono usiwe ndani ya boksi mashine ikiwa hai. Na mita iwe imeandikwa CAT III volti 600 walau, hicho ni kiwango cha usalama wa mita, hayo maandishi yako karibu na matundu ya waya, isiyo na maandishi hayo iache dukani hata kama ni rahisi.

Kuna kitu kingine volti zimenionyesha ambacho watu wanakidharau, nacho ni ekstensheni nyembamba na ndefu. Ukipima kwenye soketi mashine ikiwa imezimwa unapata 230 safi. Pima kwenye boksi la mota wakati inajaribu kuanza, unaweza kukuta imeshuka mpaka 180. Mota ya induksheni wakati wa kuanza inavuta ampia mara 5 hadi 7 ya zile zilizoandikwa kwenye kibao chake, na huo mvuto wote unapita kwenye waya mwembamba. Na nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti, yaani 180 gawanya kwa 230 jizidishie yenyewe, unabaki na kama asilimia 61 ya nguvu. Mota nzima haina ugonjwa wowote, imenyimwa umeme tu, inavuma inashindwa kuusukuma mkanda. Toa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani, inawaka. Kama una kitufe cha MIN/MAX kwenye mita, kinachokushikia namba ya chini na ya juu kabisa, kitumie hapa kwa sababu namba zinabadilika haraka kuliko jicho, na usiiache mota ikivuma zaidi ya sekunde 2 au 3, koili ya kuanzia ni waya mwembamba inapata moto haraka sana.

Omu sasa. Hapa nataka kuongea kuhusu buza kwa sababu nimeona mafundi wengi wanaitumia vibaya. Buza inalia chini ya omu 30 au 50 hivi kutegemea mita. Koili ya mota nzima ina omu chache tu, koili iliyopiga shoti nayo ina omu chache zaidi, kwahiyo buza italia kwa zote mbili. Ikilia imekwambia tu kwamba waya haujakatika, basi. Kujua afya ya koili weka kwenye omu usome namba. Na kwanza gusanisha ncha za waya za mita zenyewe usome, yangu inatoa 0.3, hiyo unaitoa kwenye kila kipimo, maana kama koili kuu ina omu 2 hiyo 0.3 sio kidogo.

Mota ya fezi moja yenye kapasita ina koili mbili, kuu na ya kuanzia. Ya kuanzia kwa kawaida ina omu nyingi kuliko kuu kwenye mota za kapasita ya kuanzia, kwa sababu waya wake ni mwembamba. Tenganisha nyaya zake kwanza, ukipima kupitia kapasita mita itaonyesha namba inapanda inapanda alafu OL, yaani omu zimezidi uwezo wa mita au hakuna njia, sio kwamba koili imekatika, kapasita haipitishi DC ya mita. Kila koili pima peke yake. Alafu pima kutoka koili kwenda kwenye bodi la chuma, sehemu iliyokwanguliwa rangi, inatakiwa OL. Ukipata namba yoyote pale ya omu chache mota imegusa bodi, usiiwashe tena.

Ila hapa mita inaishia. Kipimo cha uzuiaji kati ya koili na bodi kinatakiwa kifanywe na mega, kifaa cha kupima insulesheni, inayotoa volti 500, na ikupe zaidi ya megaomu 1. Mita hii inapima kwa volti chache tu za betri, kwahiyo koili yenye unyevu au vanishi iliyochoka inaweza kuonekana nzima kwenye mita alafu ikapiga shoti ikipata umeme wa kweli. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu maelezo ya kwenye boksi yanafanya uone kama mita inamaliza kila kitu.

Kapasita ndo sehemu iliyonifurahisha. Zamani kapasita ilikuwa inapimwa kwa kubahatisha, unabadilisha uone. Sasa unasoma mikrofaradi zako, ndo kipimo cha ukubwa wa kapasita. Lakini kwanza itoe umeme wote, na usitumie bisibisi kuipiga shoti, inachimba vituo vyake (zile ncha za kuungia waya) na inaweza kuiharibu kapasita yenyewe. Chukua rezista ya kilo-omu 15 hivi ya wati 5, iweke kwenye vituo vyote viwili nusu dakika, alafu hakikisha kwa volti za DC kwamba imebaki karibu na sifuri. Mita ikiingiziwa kapasita iliyojaa inaweza kufa hapo hapo. Kapasita nyingine za kuanzia zina karezista kadogo kamechomewa juu ya vituo, hako kanaichanganya mita, kafungue upande mmoja ndo upime.

Kapasita ya kuanzia imeandikwa kiwango, mfano 189-227, kipimo chako kiwe humo ndani. Ya kuendeshea, ile yenye mafuta au plastiki inayobaki kazini mota ikizunguka, huwa ni ndogo, 20 au 30 au 40, na inaruhusiwa kupungua asilimia 5 au 10 tu kama ilivyoandikwa. Kwenye kapasita kubwa mita yangu inachukua sekunde kadhaa kutoa jibu, usidhani imegoma, subiri. Na jicho lako pia ni kipimo, kapasita ya kuanzia iliyovimba juu au iliyovuja hata usiihangaikie na mita.

Sasa mdomo wa klampu, hapa ndo mita ilijilipa. Kanuni ya kwanza: bana waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima yenye laini (waya wa moto) na nyutro pamoja utasoma sifuri kwa sababu umeme unaoenda na unaorudi unafutana, na mtu anaweza kuamua mota haili umeme kumbe inakula vizuri tu. Mimi nimetengeneza kipande kifupi cha ekstensheni chenye nyaya zilizotenganishwa, insulesheni ya kila waya ikiwa nzima, nachomeka katikati, nabana laini peke yake.

Msumeno wangu wa meza ulikuwa unavuma tu. Shafti laini kwa mkono, volti kwenye mota nzuri. Nikabana laini, ampia mara kadhaa zaidi ya kibao, kwahiyo koili kuu inavuta na rota haizunguki. Nikahamisha mdomo kwenye waya mmoja wa kapasita ya kuanzia, nikawasha kidogo, sifuri. Hiyo sifuri ndo ilikuwa habari yote. Kapasita nilishaipima iko ndani ya kiwango, koili ya kuanzia ina omu zake, umeme haupiti kwenye kapasita, kilichobaki katikati ni kitu kimoja tu, swichi ya sentrifugo, ile iliyo ndani ya mota inayokata kapasita na koili ya kuanzia mota ikishika mwendo. Nikazima nikachomoa, nikaweka omu kwenye vituo viwili vya hiyo swichi mota ikiwa imesimama, pale inatakiwa iwe karibu na sifuri kwa sababu swichi inajifunga mota ikilala, nikapata OL.

Nilipofungua kifuniko cha nyuma upande wa feni unga wa mbao ulikuwa umejishindilia kati ya kontakti mbili, umekauka na kuwa mgumu kama gundi ya zamani, na kontakti zenyewe zina doa jeusi katikati. Zile uzani mbili zenye springi juu ya shafti zilikuwa zinasogea vizuri, kile kisahani cha plastiki kinachosukuma kontakti kikirudi bila kukwama. Nikasugua kontakti kwa msasa laini, nikapuliza, nikapima tena omu mpaka ikasoma 0.3 ileile ya waya za mita. Koili haikuguswa. Ukiwasha sasa na ukazima, sikiliza wakati mota inapunguza mwendo, karibu na kusimama inatoa mlio mdogo, tak. Hiyo ni swichi inafunga tena ijiandae kwa safari ijayo. Mota yenye swichi ya aina hii usiposikia hiyo tak, hata kama leo imewaka, anza kuiangalia.

Klampu hiyohiyo inakuonyesha na ugonjwa wa upande wa pili ambao ni mbaya zaidi. Swichi hiyo ya sentrifugo inatakiwa ifunguke mota ikifika kama asilimia 75 ya mwendo wake. Ukiwa umebana waya wa kapasita ya kuanzia utaona ampia zinapanda alafu ghafla sifuri, safi. Zikibaki palepale mota ikiwa kwenye mwendo, kontakti zimeshikana, zima sasa hivi, la sivyo kapasita itapasuka na koili ya kuanzia itafuata. Wanaobadilisha kapasita kila mara bila kuangalia swichi wanachoma kapasita nzima. Pia kuwasha na kuzima mfululizo kunaiua kapasita ya kuanzia, nyingi zimetengenezwa kwa kuanza mara 20 kwa saa, kila mara sekunde 3 tu.

Kwa kapasita ya kuendeshea kuna hesabu nzuri ya kuipima ikiwa kazini bila kuitoa: ampia za waya wake zidisha mara 3183 gawanya kwa volti zilizo kwenye vituo vyake, hiyo ni kwa umeme wa 50 Hz, kwa 60 Hz tumia 2652. Ukipata ampia 3.77 na volti 400 kwenye 50 Hz ni mikrofaradi 30. Naipenda hii kwa sababu inaipima kapasita chini ya mzigo wake halisi, zipo zinazosoma vizuri mezani zikipewa volti zinalegea. Vile vibanio vya mamba vinafungwa kabla ya kuwasha, kama nilivyosema.

Mota za fezi 3 nimezigusa kidogo. Ikivuma haianzi, bana kila fezi kwa zamu, iliyosoma sifuri ndo imepotea, mara nyingi ni fyuzi au kontakti moja ya stata, ile swichi ya kuwashia mota, imeungua. Zile mota za kaboni za mashine ndogo za mezani hata hazihitaji klampu, fungua vifuniko vya pembeni uangalie kaboni zimebaki urefu gani na kama springi bado inasukuma.

Kilichoniudhi: waya za mita ni ngumu, zinajikunja, na ncha zake zinalegea kwenye matundu ukizivuta kidogo. Skrini haina taa ya kutosha kusoma chini ya meza ya msumeno. Vibanio vya mamba havimo kwenye boksi, na kwa kazi hii ni lazima, nilinunua pembeni. Kitufe cha HOLD kiko pale kidole gumba kinapokaa, unakibonyeza bila kutaka alafu unasoma namba ya zamani ukidhani ni ya sasa, kwenye umeme hilo ni jambo la hatari, kwahiyo kila nikipima naangalia kwanza kama ile alama ya H iko kwenye skrini.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Kama unachagua kati ya hii na nyingine yenye LoZ pamoja na kushika ampia za kuanzia, ile ya kukamata mvuto wa kwanza mota inapowashwa, ongeza hela uchukue hiyo nyingine. Na waya za silikoni zilizo laini nunua siku hiyohiyo, zile za kwenye boksi zibaki za akiba.